James Algar: kutoka Mickey na mafagio hadi simba, nge na lemingi (uzi mrefu)

#1 KandaYaZamani

Wakuu salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite.

James Algar ni jina ambalo hata wapenzi wakubwa wa filamu hawalitaji, ila kazi yake wanaijua. Yule Mickey Mouse mwenye kofia ya nyota, anayeliamuru fagio limchotee maji mpaka nyumba inafurika, aliongozwa na Algar. Na ile habari ya lemingi, vipanya vya nchi za baridi vinavyojiua kwa kujitupa baharini makundi kwa makundi? Filamu iliyoisambaza kuliko nyingine zote nayo ni ya Algar. Mtu huyohuyo, kampuni ileile, miaka 18 katikati.

Wanaoandika juu yake humgawa vipande viwili: ujana wa katuni, utu uzima wa filamu za makala za wanyama. Mimi nasema hakubadilisha kazi hata siku moja. Alichobadilisha ni malighafi. Kwanza alipewa michoro, baadaye akapewa mikanda ya wanyama halisi, vyote akavipitisha kwenye meza moja kwa njia moja. Sifa zake zimetoka hapo, na aibu yake imetoka hapohapo.

Alizaliwa Modesto, California, mwaka 1912. Akasoma uandishi wa habari Stanford, na akiwa huko alihariri jarida la vichekesho la wanafunzi. Hilo la vichekesho lishikeni, tutalihitaji. Mwaka 1934 aliingia studio ya Walt Disney kama mchoraji, na yumo kati ya waliohuisha Snow White and the Seven Dwarfs (1937). Baada ya hapo ndipo akakabidhiwa The Sorcerer's Apprentice.

Kipande hicho kilianza kama filamu fupi ya kumwinua Mickey, ambaye Donald Duck alikuwa ameshaanza kumfunika. Muziki ni wa Paul Dukas, wa 1897, na chanzo chake ni shairi la Goethe. Leopold Stokowski aliongoza okestra, wakarekodi Januari 1938. Gharama zikapanda hadi kuvuka dola 125,000, fedha ambazo filamu fupi isingeweza kuzirudisha hata kwa miujiza. Mwingine angepunguza. Walt akaongeza: vipande vingine vikatungwa kukizunguka kile kimoja, ikatoka Fantasia mwezi Novemba 1940. Kwa hiyo filamu nzima ilizaliwa kwa sababu kipande cha Algar kilikuwa ghali mno kusimama peke yake.

Nakuja.

#2 JiweLaPembeni

Siti ya mbele nimeshachukua. Ila mkuu, hapo kwenye "aibu" usije ukapita juujuu.

#3 Chorachora

Wakati mkuu anajipanga, niongeze nyama upande wa ufundi, maana uhuishaji ndio unaonilisha.

Wengi hudhani mwongozaji wa katuni za enzi zile alikuwa anachora. Kazi yake kubwa ilikuwa kupanga muda. Filamu inakwenda fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde. Mwongozaji anakaa na muziki, anaamua: hapa fagio linainua mguu, hapa linaukanyaga chini, na kati ya hapo kuna fremu kadhaa, isizidi hata moja. Anajaza karatasi yenye mstari kwa kila fremu, na mchoraji anaanza kazi akiwa na karatasi hiyo mkononi. Kwa Mickey muziki ulikuwa umesharekodiwa, kwa hiyo mchoro ulilazimika kuufuata. Tazama mafagio yanaposhuka ngazi na ndoo zao: kila hatua inaangukia kwenye pigo. Hilo halikutokea kwa bahati.

La pili ni Bambi (1942). Algar alikuwa mmoja wa waongozaji sita waliogawana sehemu za filamu ile chini ya David Hand. Ili kupata wanyama wanaoaminika, studio iliagiza ndama wawili wa kulungu kutoka Maine wakae palepale wachoraji wawatazame wakikua. Rico Lebrun aliletwa kufundisha mifupa na misuli. Maurice Day alitumwa kwenye misitu ya Maine kupiga picha za miti, mwanga na theluji. Yaani miaka mingi kabla ya makala yoyote ya wanyama, watu hawa walikuwa wameshazoea kumtazama mnyama kwa swali moja: nikitaka huyu awe mhusika, nimuonyesheje?

#4 KandaYaZamani

Chorachora umenipunguzia kazi.

Miaka ya vita napita haraka: mgomo wa wafanyakazi wa studio 1941, kisha filamu za kijeshi (Algar alikuwa kati ya walioongoza sehemu za katuni za Victory Through Air Power, 1943), halafu sehemu ya Bwana Chura katika The Adventures of Ichabod and Mr. Toad (1949). Kazi nzuri, lakini kitu kikubwa kilikuwa kinapikwa pembeni.

Walt alikuwa amewaajiri mume na mke, Alfred na Elma Milotte, waliokuwa na duka la picha Alaska. Aliwaambia wapige Alaska, bila maelekezo mengi. Wakatuma mikanda ya migodi, barabara, uvuvi, maisha ya wenyeji. Katika lundo lote lile Walt alivutiwa na sili wa manyoya wa visiwa vya Pribilof. Akataka sili zaidi, na watu wasionekane kabisa.

Mikanda ikafika Burbank, iliko studio ya Disney, bila hadithi. Nani wa kuipa hadithi? Watu wa katuni. Algar akawa mwongozaji, Ben Sharpsteen (naye mkongwe wa katuni) mtayarishaji, Winston Hibler akaandika na kuwa sauti ya msimulizi, na muziki ukakabidhiwa kwa watu waliozoea kutungia katuni. Seal Island ikatoka na dakika zisizofika 30. RKO, waliokuwa wakisambaza filamu za Disney, hawakuona nani atalipa kuangalia sili. Walt akazunguka: akaonyesha filamu kwenye ukumbi mmoja Pasadena Desemba 1948 ili itimize sharti la Oscar. Ikashinda.

Ndivyo ulivyozaliwa mfululizo wa True-Life Adventures, ulioendelea hadi 1960 na kubeba Oscar 8. Mwingi wake uliongozwa na Algar.

#5 Bi_Mtazamaji

Sasa mbona hatumjui? Oscar zote hizo na jina halipo hata kwenye mazungumzo ya kawaida.

#6 KandaYaZamani

Dada, kwa sababu tuzo za vipengele vile zilikwenda kwa mtayarishaji. Chukua usiku wa Oscar wa Machi 1954. Walt Disney aliondoka na sanamu 4, rekodi inayotajwa mpaka leo. Filamu 4 zilizozileta ni The Living Desert, Bear Country, The Alaskan Eskimo na katuni moja fupi ya historia ya vyombo vya muziki. Tatu za kwanza ziliongozwa na Algar. Sanamu zote zilibebwa na Walt.

Halafu kuna sababu ya pili. Umwongoze vipi nge? Mtazamaji hakuwaza kwamba filamu ya wanyama ina mwongozaji. Wapiga picha walikuwa nyikani kwa miezi na miaka, wengi wao wataalamu wa viumbe waliojitegemea, wakitumia kamera za mkanda wa milimita 16 kwa sababu ni nyepesi; maabara ndiyo iliyoukuza mkanda huo hadi milimita 35 ya majumba ya sinema. Algar yeye alikuwa kwenye chumba cha uhariri, akitafuta filamu ndani ya mlima wa mikanda.

The Living Desert (1953) ndiyo ya kutazama ukitaka kumwelewa. Ilianza na N. Paul Kenworthy, mwanafunzi wa chuo kikuu cha UCLA, aliyekuwa amepiga pambano la nyigu na tarantula. Walt alipoiona akataka filamu ndefu nzima ya jangwa. RKO wakasita tena, safari hii Disney wakaanzisha kampuni yao ya usambazaji, Buena Vista, na filamu ya nge na kobe ikawa ya kwanza kupita humo. Ilirudisha gharama zake mara nyingi.

Ndani yake kuna nge dume na jike wanaoshikana magando na kuzungushana, jambo ambalo nge hufanya kweli wakati wa kupandana. Algar na wenzake wakarudiarudia vipande, wakavipangia muziki wa dansi la mashambani la Kimarekani, mpaka na mtu wa kuita hatua za wachezaji. Hapo namwona yule mhariri wa jarida la vichekesho, na namwona pia mtu wa karatasi za fremu. Kwa mafagio mchoro uliufuata muziki, kwa nge muziki na mkasi vilikutana katikati. Watu walicheka sana. Bosley Crowther, mhakiki wa filamu wa New York Times, aliona wanyama wanapangwapangwa ili waonekane kama binadamu, na alilisema wazi.

#7 JiweLaPembeni

Bado tunazunguka. Lemingi vipi?

#8 MtuWaPori

Hiyo niachieni mimi.

Lemingi ni mnyama mdogo jamii ya panya anayeishi kaskazini kabisa mwa dunia. Idadi yao hupanda na kushuka kwa mizunguko, mara nyingi kila miaka 3 au 4. Wakizidi, wengine huhama kutafuta chakula na nafasi. Njiani wakikuta maji huogelea, na baadhi huzama. Habari ya kujiua ni hekaya ya zamani, Disney hawakuitunga.

White Wilderness, filamu ya Algar ya 1958, ndiyo iliyoipa picha. Unaona lemingi wakimiminika, wanafika ukingoni, wanaanguka majini, halafu maji yamejaa miili midogo inayoelea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watangazaji wa CBC wa Kanada walifuatilia jinsi ilivyopigwa. Sehemu ile ilipigwa Alberta, jimbo lisilo na bahari, na mahali ambapo lemingi hao hawaishi. Waliletwa: walinunuliwa kutoka kwa watoto wa Kiinuit huko Manitoba. Wachache wakawekwa juu ya jukwaa la kuzunguka lililofunikwa theluji, wakapigwa picha kutoka pande nyingi ili waonekane maelfu. Kisha wakasukumwa waanguke mtoni. Ilibainika pia kwamba yule mtoto wa dubu anayebiringika mteremkoni alipigwa kwenye mandhari ya kutengenezwa.

Filamu hiyo ilishinda Oscar ya makala bora.

#9 JiweLaPembeni

Asante MtuWaPori. Basi kesi imefungwa. KandaYaZamani anatuambia "malighafi", "meza ileile", maneno matamu. Mnyama aliyetupwa mtoni si mchoro. Mchoro ukiufuta haufi. Na mpaka leo watu wazima wanasema fulani anafuata kundi kama lemingi, elimu waliyoipata kwa mtu aliyelipwa kuwaonyesha maumbile kama yalivyo.

#10 Chorachora

Jiwe, ukali wako una haki ila elekeza vizuri. Mpiga picha wa sehemu ya lemingi anayetajwa kwenye majina ya filamu ni James R. Simon. Algar alikuwa Burbank akipokea mikanda. Alijua kiasi gani kuhusu yaliyofanyika Alberta? Mwingine kati ya wapiga picha wa filamu hiyohiyo, Herb Crisler, alikaa na mkewe Lois katika milima ya Brooks huko Alaska, wakalea watoto wa mbwa mwitu ili wapate picha zao. Nayo ni kupanga, lakini utaiweka kapu moja na ya kusukuma wanyama mtoni?

#11 JiweLaPembeni

Kutojua nako ni kazi ya mwongozaji. Mkanda unakuja mezani kwako unaonyesha kitu ambacho hakuna mtu amewahi kukipiga, na huulizi kimepigwaje?

#12 KandaYaZamani

Hapo Jiwe yuko sahihi, na ndiyo hoja yangu ya bandiko la kwanza ikiwa imevaa nguo nyingine. Katika katuni hilo swali halipo. Mchoro ukifika mezani unauliza: unafanya kazi? Mwendo uko sawa? Unaunganika na unaofuata? Hakuna anayeuliza kama ni kweli fagio lilitembea. Algar alitoka kwenye kazi ya miaka 14 ya maswali hayo, akayahamishia mahali ambapo swali la kwanza linapaswa kuwa lingine.

Lakini kuna jambo MtuWaPori hakuligusa, na watu wengi wanaoilaani filamu ile hawajalisikiliza. Msimulizi hasemi lemingi wanajiua. Anasema hekaya hiyo ina ukweli na uongo ndani yake, kisha anaeleza kuhama na kuogelea, kwamba huenda wanaichukulia bahari kama ziwa jingine la kuvuka. Maneno yalikuwa na tahadhari. Picha na muziki vikasema kinyume, na picha ikashinda. Mtu aliyemwongoza Mickey dakika nzima bila neno hata moja alijua vizuri kuliko wote kwamba picha ikigombana na maneno, maneno hayasikiki. Ndiyo maana kisingizio cha msimulizi sikikubali.

#13 MtuWaPori

Naongeza kidogo tu ili tusijifanye siku hizi ni watakatifu. Sauti nyingi za makala za wanyama, mifupa inayotafunwa, nyayo kwenye theluji, hutengenezwa studio. Kamera iko mbali mno kuinasa. Na mwaka 2011 BBC walizua mjadala kwa sababu watoto wa dubu wa Frozen Planet walioonekana pangoni walikuwa wamepigwa kwenye bustani ya wanyama Uholanzi. BBC walikuwa wameeleza hilo kwenye tovuti yao, ila kwenye simulizi yenyewe halikutajwa. Kumpiga mama dubu pangoni mwituni ni hatari kwake na kwa mpiga picha, kwa hiyo mimi sina tatizo na bustani. Lemingi ni jambo jingine: pale walionyesha tabia ambayo mnyama hana.

#14 MsomajiUsiku

Mnagombania Aktiki, hakuna aliyeigusa The African Lion ya 1955?

Ni ya Algar pia, na wapiga picha ni walewale akina Milotte, waliozunguka Afrika karibu miaka 3, sehemu kubwa ikiwa Kenya na Tanganyika. Kwa wanyama ni ya heshima: simba wanaolala, wanaolea, wanaokosa mawindo; faru aliyekwama kwenye tope. Haina masihara mengi kama ya jangwani.

Shida yangu ni ile amri ya watu wasionekane. Angalieni miaka. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya Oktoba 1952 na ikadumu hadi 1960. Wakati kamera inamsubiri simba aamke, watu walikuwa wanafungiwa kambini. Upande wa Tanganyika, Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa 1951, na Wamaasai waliokuwa wakiishi humo wakatolewa 1959, wakaelekezwa Ngorongoro. Mwaka huohuo ilitoka filamu ya Serengeti ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, nayo ikabeba Oscar, na Grzimek alikuwa anataka hifadhi isiyo na wafugaji. Sisemi Algar alimhamisha mtu. Nasema mtazamaji wa Chicago alitoka ukumbini akiamini ile ni nchi ya wanyama peke yao, na imani ya namna hiyo hutumika na wenye maamuzi. Lemingi wale wananiuma, lakini hili linaniuma zaidi.

#15 Bi_Mtazamaji

Hapo umenifungua macho. Na nyumbani kwao walifanya hivyohivyo?

#16 KandaYaZamani

Ndiyo. The Vanishing Prairie ya 1954 inaonyesha nyika za Marekani kama zilivyokuwa kabla ya makazi na reli, nyati wametawala, na mataifa ya wenyeji waliowategemea nyati hao hayana nafasi ya maana ndani yake. Kelele zilizopigwa wakati ule zilikuwa za kitu kingine kabisa: wakaguzi wa jimbo la New York waliizuia kwa sababu nyati jike anaonekana akizaa! Chama cha kutetea uhuru wa raia kikalalamika, zuio likaondolewa.

Ila MsomajiUsiku, jambo moja nakupinga. Amri ya kuondoa watu haikuwa ya Algar, ilianza na Walt kwenye zile sili za Pribilof. Kosa la Algar ni kwamba iliifaa mno kazi yake. Ukiondoa watu, mnyama anabaki mhusika mkuu, na mhusika mkuu ndicho alichojua kutengeneza.

#17 MsomajiUsiku

Sawa, hilo nalipokea. Ila aliyeona inafaa akaendelea nayo miaka 12 naye anaingia kwenye hesabu.

#18 Bi_Mtazamaji

Aliishia wapi?

#19 KandaYaZamani

Jungle Cat (1960), ya chui wa Amerika Kusini, ilifunga mfululizo. Akaenda kwenye hadithi za kubuni zenye wanyama halisi: The Legend of Lobo (1962), ya mbwa mwitu, na The Incredible Journey (1963), ya mbwa wawili na paka wanaovuka nyika za Kanada kurudi kwao, hii ya pili aliiandika na kushiriki kuitayarisha. Mimi naziona hizi ndizo kazi zake za uaminifu zaidi. Mnyama ni halisi, hadithi imetungwa, na mtazamaji anajua kwamba imetungwa.

Kisha jambo ambalo hakuna angelibashiri: sanamu inayosimama na kuongea. Kwa maonyesho ya dunia ya New York ya 1964, Disney walitengeneza Abraham Lincoln wa mitambo, na Algar ndiye aliyekusanya maneno ya Lincoln kutoka hotuba mbalimbali akayaunga yawe hotuba moja. Ukumbi wa marais uliofunguliwa Florida 1971 nao uliandikiwa na yeye. Hata hapo ni mkasi uleule, vipande vya kweli vikiunganishwa viwe kitu ambacho hakikuwahi kutokea kwa mpangilio huo.

Alistaafu baada ya miaka 43 kwenye kampuni moja, akafariki Carmel, California, Februari 1998. Fantasia 2000 ilipotoka mwishoni mwa 1999, kipande pekee kilichochukuliwa kutoka filamu ya 1940 kilikuwa chake.

#20 JiweLaPembeni

Nimesoma yote. Msimamo wangu haujahama, lakini nataka kuziona mwenyewe. Nianze na ipi?

#21 Chorachora

Anza na The Living Desert. Ukifika kwa nge, zima sauti, tazama mpaka mwisho, kisha rudia na sauti. Utajua ni kiasi gani cha dansi lile kilichezwa na nge na kiasi gani kilichezwa Burbank.

#22 MtuWaPori

Na ukifika White Wilderness, kwenye lemingi tazama kingo za picha. Kamera inabana chini muda mwingi. Kundi linalodaiwa kuwa la maelfu ungetegemea ulione kwa mbali limetanda hadi upeo wa macho, angalau mara moja.